Kuitafuta Limfoma Ndani ya Uboho

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ya asili ni kutambua vijidudu na kuukinga mwili, na kwa kuwa chembe hizo husafiri bila kukoma kutoka tezi moja hadi nyingine, zikapita katika bandama, utumbo na uboho wa mifupa, saratani inayozishika haina budi kutafutwa hata mbali na mahali ulipoonekana uvimbe wa kwanza. Uboho ni ile tishu laini iliyojaa ndani ya mifupa kama ya nyonga na kidari, ambamo damu ya mtu mzima hutengenezwa. Limfoma ikiisha kuingia humo, ugonjwa huhesabiwa kuwa umefika hatua ya nne, ambayo ni ya mwisho katika mpango wa hatua uliokubaliwa na wataalamu mwaka 1971 katika mji wa Ann Arbor, Marekani, na hesabu hiyo hubadili aina ya dawa, idadi ya mizunguko ya tibakemikali, na mara nyingine hata uamuzi wa kuchunguza maji ya uti wa mgongo. Swali linaloulizwa maabarani, iwapo seli za limfoma zimo ndani ya kipande kidogo cha uboho au hazimo, likijibiwa visivyo humfanya mgonjwa atibiwe pungufu au kupita kiasi.

Katika Afrika Mashariki swali hilo haliwezi kutenganishwa na historia ya limfoma yenyewe. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya uvimbe ambao leo hujulikana kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, safari ya kilomita zipatazo 16,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Ramani iliyotokana na maswali hayo ilionyesha kwamba katika Afrika Mashariki ugonjwa ulikuwa adimu mahali palipozidi mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Alexander Haddow, mwanasayansi aliyekuwa Entebbe, akabainisha kwamba mpaka huo wa mwinuko kwa hakika ulikuwa mpaka wa joto, yaani mahali ambapo baridi inawazuia mbu kustawi. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi kipya ndani ya seli zilizokuzwa kutoka katika uvimbe wa wagonjwa wa Uganda, na tangu hapo malaria na kirusi cha Epstein-Barr vimetajwa pamoja kuwa vyanzo viwili vinavyosaidiana.

Upare, katika mkoa wa Kilimanjaro nchini Tanzania, ni nchi ambayo mpaka huo wa mita 1,500 unaweza kuvukwa kwa miguu katika siku moja. Tambarare kavu zilizo pembeni mwa barabara kuu, kuanzia Same kupitia Makanya hadi Hedaru, ziko chini sana ya mpaka huo, ilhali kilele cha Kindoroko katika Upare Kaskazini na kile cha Shengena katika Upare Kusini vinapita mita 2,000, na vijiji vya milimani kama vya Ngujini vimezoea kuiona malaria kama ugonjwa wa wale wanaoshuka kulima au kufanya biashara bondeni. Ni katika tambarare hizi na za Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, ambapo katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 watafiti wa Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Amani, walipulizia nyumba dawa ya dieldrini ili wapime malaria inaweza kushushwa kiasi gani. Kwa daktari wa patholojia anayesoma sampuli kutoka eneo la namna hii, taarifa ya mahali mgonjwa anapoishi na anapolima ina uzito kamili wa kitabibu, kwa sababu malaria ya muda mrefu hubadili sura ya uboho kwa namna inayoweza kufanana na limfoma, kama itakavyoonekana mbele.

Kabla ya kufika kwenye uboho, wagonjwa wengi wa limfoma hupita kwanza njia ya kifua kikuu. Tezi za shingo zilizovimba, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni dalili za magonjwa yote mawili, na mkoa wa Kilimanjaro una historia ndefu ya kupambana na kifua kikuu kupitia Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926, kwa hiyo ni jambo la kueleweka kwamba mganga wa zahanati huwaza ugonjwa anaoukuta kila wiki kabla ya ule anaoukuta mara moja kwa miaka kadhaa. Hasara huja pale dawa za kifua kikuu zinapotolewa kwa miezi bila kinyama kuchukuliwa kwenye tezi, maana limfoma nyingine hukua kwa kasi ya siku, na limfoma ya Burkitt ndiyo mojawapo ya saratani zinazokua haraka kuliko zote kwa binadamu. Kipimo cha tezi ndicho kinachotaja jina la limfoma. Kipimo cha uboho huja baadaye kueleza imefika wapi, isipokuwa kwa wagonjwa wasio na tezi inayofikika, ambao kwao uboho huwa ndio mlango pekee wa kupata jina hilo.

Sampuli huchukuliwa nyuma ya mfupa wa nyonga, upande wa juu, baada ya ngozi na utando unaofunika mfupa kutiwa ganzi. Vitu viwili hutolewa kwa wakati mmoja, na tofauti yake ndiyo msingi wa yote yanayofuata. Cha kwanza ni majimaji ya uboho yanayovutwa kwa bomba la sindano, ambayo huwa na seli zilizoachana na kuelea; cha pili ni kijiti chembamba cha mfupa pamoja na uboho wake, kinachokatwa kwa sindano nene yenye tundu, ambayo umbo lake linalotumika sana leo lilitokana na kazi ya Khosrow Jamshidi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majimaji huonyesha sura ya kila seli, na kijiti huonyesha jinsi seli hizo zilivyopangana katika makazi yake. Hospitali nyingi zenye shughuli nyingi huishia kwenye majimaji peke yake, kwa kuwa ni rahisi na jibu lake hupatikana siku ileile, lakini kwa limfoma huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu limfoma hukaa kwa mafungu, sehemu moja ipo na sehemu ya jirani haipo, na aina nyingine hufungwa na nyuzinyuzi zinazozuia seli zisivutike, hata sindano ikarudi kavu ilhali uboho umejaa ugonjwa.

Majimaji hupakwa kwenye slaidi, yakakaushwa na kutiwa rangi, na rangi inayotumika zaidi ni ya ukoo wa Giemsa, ile iliyokamilishwa na Gustav Giemsa wa Hamburg mwanzoni mwa karne ya 20 na inayojulikana na kila mtaalamu wa maabara wa zahanati kwa kazi ya kutafuta vimelea vya malaria. Jambo hili lina faida kubwa kwa nchi yenye vifaa vichache, kwa kuwa chupa ileile ya rangi na hadubini ileile vinatosha kwa hatua ya kwanza, mradi maji ya kuchanganyia yarekebishwe: kwa malaria hupendekezwa kiwango cha asidi (pH) cha 7.2, na kwa kusoma seli za damu cha 6.8, ambacho hukipa kiini cha seli rangi iliyo bora kwa kazi hiyo. Katika slaidi iliyotiwa rangi vizuri, seli za Burkitt hutambulika kwa sura yake: ni za ukubwa wa wastani na zinazofanana, ute wake ni wa buluu iliyokolea, na ndani ya ute huo mna matundu madogo meupe yaliyo wazi, ambayo ni matone ya mafuta. Limfoma nyingine hazijitangazi hivyo. Seli ndogo za limfoma zinazokua polepole hufanana mno na limfosaiti za kawaida, na mtu mwenye ujuzi mkubwa kuliko wote hawezi kuapa, kwa kuangalia sura peke yake, kwamba limfosaiti 10 katika kila seli 100 za uboho ni za saratani.

Kijiti cha mfupa ndicho kinachohitaji subira, na ndicho kinachoharibiwa mara nyingi zaidi. Kwanza hutiwa ndani ya fomalini iliyotulizwa asidi yake, ili tishu isioze na protini zake zishikamane mahali pake. Kisha, kwa kuwa mfupa hauwezi kukatwa kwa kisu chembamba cha maabara bila kupasuka, chokaa yake huyeyushwa, na hapa kuna njia mbili zenye matokeo tofauti kabisa. Njia ya asidi kali humaliza kazi kwa saa chache, lakini huvunjavunja vinasaba na kudhoofisha baadhi ya protini ambazo zitatafutwa baadaye. Njia ya EDTA, ambayo ni kemikali inayoishika chokaa taratibu na kuiondoa, huchukua siku mbili au zaidi, lakini huacha vinasaba katika hali inayoweza kupimwa. Maabara inayotumia asidi kwa ajili ya haraka inakuwa imefunga mlango wa vipimo vya jeni kabla daktari hajajua kama atavihitaji. Palipo na uwezo wa kuchagua, EDTA ndiyo inayostahili kuchaguliwa, kwa kuwa siku mbili za kungoja ni chache zikilinganishwa na kumrudisha mgonjwa mezani akatobolewe mfupa mara ya pili.

Baada ya chokaa kuondoka, kijiti huzamishwa ndani ya nta ya parafini, kikakatwa vipande vya unene wa mikroni 2 hadi 4, na kutiwa rangi mbili za kawaida za patholojia, moja ya buluu kwa viini na nyingine ya waridi kwa ute. Mpangilio wa seli sasa huanza kusomeka. Limfoma ya aina ya folikula hupenda kulalia kingo za nguzo ndogo za mfupa zilizo ndani ya uboho, ikajibana pale kama utando, na mkao huo karibu haupatikani kwa limfosaiti zisizo na ugonjwa. Limfoma nyingine hutawanyika katikati ya seli za damu, nyingine hufanya vinundu, nyingine hujaza uboho wote pasibakie mafuta wala mbegu za damu, na baadhi hujipenyeza ndani ya mishipa midogo ya uboho zisionekane kabisa mpaka zitiwe alama. Vinundu vya limfosaiti hupatikana pia kwa wazee wasio na saratani yoyote na kwa watu wanaoishi na VVU, na vinundu vya aina nyingine, vyenye seli kubwa zilizojikusanya, huweza kuwa vya kifua kikuu, kwa hiyo kipande kimoja cha kijiti kilekile hutiwa rangi ya kutafutia bakteria wake.

Hatua inayofuata ni ya kingamwili. Kingamwili ni protini inayoshika kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote, na wanasayansi wamefaulu kutengeneza kingamwili zinazoshika protini zilizo juu au ndani ya seli, kisha zikaonyesha mahali ziliposhika kwa rangi ya kahawia. Protini hizo nyingi hutajwa kwa herufi CD na namba. CD20 huonyesha limfosaiti za aina ya B, CD3 huonyesha za aina ya T, na CD10 huonyesha seli zenye asili ya vitovu vya tezi. Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Limfoma ya Burkitt huwa na CD20 na CD10, hukosa protini iitwayo BCL2 au huwa nayo kwa udhaifu, na Ki-67 yake hukaribia asilimia 100, maana yake karibu kila seli iko njiani kugawanyika. Limfoma ya Hodgkin hutafutwa kwa CD30 na CD15, kwa kuwa seli zake kubwa ni chache na hufichwa na umati wa seli za kawaida zilizozizunguka. Maabara haihitaji kingamwili 100 ili ifanye kazi ya maana: jozi ya CD20 na CD3, ikiongezewa nne au tano zilizochaguliwa kwa busara, hujibu sehemu kubwa ya maswali yanayotoka wodini, na fedha iliyotumika kuhakikisha kwamba hizo chache hazikosekani rafuni ina manufaa kuliko fedha iliyotumika kununua orodha ndefu inayoisha muda wake jokofuni.

Liko swali moja ambalo sura na mpangilio haviwezi kulimaliza, nalo ndilo lenye uzito wa pekee kwa watu wa tambarare za malaria. Mtu aliyeumwa malaria tena na tena kwa miaka huweza kuvimba bandama kupita kiasi, uboho wake ukajaa limfosaiti, na damu yake nayo ikaonyesha limfosaiti nyingi, hali ambayo kwa macho hufanana na limfoma ya bandama. Ugonjwa huo hutibiwa kwa kumkinga mgonjwa na malaria kwa muda mrefu, ilhali limfoma huhitaji tiba ya saratani, kwa hiyo kuvichanganya ni hatari pande zote mbili. Linalovitenganisha ni nasaba ya seli. Limfosaiti zilizoitikia malaria ni kama watu wa mnadani, waliotoka koo nyingi na kukutana kwa shughuli moja; limfoma ni wazawa wa babu mmoja tu. Kila limfosaiti ya aina B hutengeneza kingamwili yake yenye mnyororo mwepesi wa aina moja, ama kappa ama lambda, na katika kundi la kawaida zile za kappa huzidi za lambda kwa kiasi kisichofika mara tatu kwa kawaida. Kundi likikutwa karibu lote ni la kappa, au karibu lote la lambda, dalili ya uzawa mmoja imepatikana.

Uwiano huo hupimwa vizuri zaidi kwa saitometria ya mtiririko, ambayo ni mbinu ya kuzipitisha seli zilizotiwa kingamwili zenye kung'aa mbele ya mwali wa leza, moja baada ya nyingine, maelfu kwa dakika, huku mashine ikiandika ukubwa wa kila seli na rangi inayotoa. Mashine za ukoo huu si ngeni Afrika Mashariki, kwa sababu programu za UKIMWI zilizisambaza kwa ajili ya kuhesabu seli za CD4, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mwaka 2015 kwamba kila anayeishi na VVU aanzishiwe dawa bila kungoja hesabu hiyo, kazi ya kuanzishia dawa haitegemei tena kipimo hicho. Zile ndogo zilizoundwa kwa CD4 peke yake hazibadilishiki, lakini zile kubwa zenye uwezo wa kusoma rangi nne au zaidi zinaweza kutumika kwa limfoma zikipata kingamwili zinazofaa na mtaalamu aliyefunzwa kuzisoma, na ni vigumu kuona sababu nzuri ya kuziacha. Sharti lake gumu ni wakati. Mbinu hii hutaka seli zilizo hai, ndani ya chupa yenye kifuniko cha zambarau au cha kijani na kamwe si ndani ya fomalini, zifike mashineni ndani ya saa 24 hadi 48. Sampuli iliyochukuliwa KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, ikilazimika kwenda Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 500, inaweza kufika ndani ya muda huo ikiwa imepakiwa siku ileile; iliyochukuliwa Ijumaa mchana na kusahaulika hadi Jumatatu haina tena la kusema.

Vipimo vya jeni hufuata, navyo vinaweza kuelezwa kwa ufupi. PCR ni mbinu ya kuzidisha kipande kidogo cha vinasaba mara mamilioni. Ikielekezwa kwenye jeni ya kingamwili, ambayo kila limfosaiti huipanga kwa namna yake, huonyesha kama seli nyingi zina mpangilio mmoja, na ni kwa njia ya jeni hiyo ambapo watafiti waliofanya kazi Kumasi, Ghana, mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliweza kuchunguza wagonjwa wenye bandama za malaria na kuona ni wepi walioanza kuelekea kwenye limfoma. FISH hutumia vipande vya vinasaba vinavyong'aa ili kuonyesha kromosomu zilizobadilishana sehemu, kama ile ya 8 na ya 14 katika Burkitt. Vyote viwili, vikifanywa kwenye kijiti, huhitaji kijiti kisichounguzwa na asidi.

Yapo mataifa ambamo uboho wa baadhi ya wagonjwa hautobolewi tena. Mwongozo wa Lugano wa mwaka 2014 ulikubali kwamba kwa limfoma ya Hodgkin picha ya PET, ambayo huonyesha seli zinazotumia sukari kwa wingi, inatosha badala ya kijiti cha mfupa. Pasipo na mashine hiyo karibu, mwongozo huo haumhusu mgonjwa, na kuunakili kwake neno kwa neno ni kumnyima kipimo cha pekee alichokuwa nacho. Tumaini lililo karibu zaidi na mazingira ya Afrika Mashariki liko katika utafiti uitwao AI-REAL, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wanasayansi wa Tanzania na Uganda, ambao hutafuta katika damu ya kawaida ya mkononi vipande vya vinasaba vya limfoma na vya kirusi cha Epstein-Barr, ili mtoto mwenye Burkitt ajulikane mapema bila kungoja upasuaji. Damu hiyo inaweza kueleza kwamba ugonjwa upo na ni wa aina gani. Kueleza kwamba umekaa ndani ya uboho au nje yake bado ni kazi ya uboho wenyewe.

Majibu yanayotoka maabarani hayana budi kuandikwa kwa namna inayoonyesha mipaka yake. Kijiti kinachofaa hutarajiwa kiwe na urefu wa sentimita 1.5 hadi 2, na kila milimita inayopungua huongeza uwezekano wa kupita kando ya fungu la ugonjwa. Jibu linalosema kwamba uboho hauna limfoma, lililotolewa kwa kijiti cha milimita 5 kilichopondeka nusu yake, linamdanganya daktari aliye wodini hata kama kila neno la mpatholojia ni la kweli. Jibu lililo sahihi hutaja urefu wa kijiti kilichosomwa, hutaja kingamwili zilizotumika na zile zilizokosekana, hutaja kama majimaji yalipatikana au sindano ilirudi kavu, na pale kijiti kinapokuwa kifupi husema wazi kwamba hakitoshi kuamua na kuomba kingine.